Usinyanyue Kitu Kizito

Jumatatu, 10 Februari 2025

Leo kitana kimenitoka mkononi. Mbele ya mteja! Mkono wa kulia ulikuwa juu, nachambua nywele za utosini, mara bega likakata, kama kisu kimepita chini ya mfupa. Kitana kikaangukia mapajani mwa yule mama. Akaniangalia kwenye kioo. Nikacheka. Nikasema mafuta yamenitelezesha. Hakuamini.

Alitaka msuko wa twende kilioni, wana msiba Busunzu. Mistari ya kurudi nyuma tu, kazi ya kufumba macho. Nimeshindwa. Mwajabu ndiye aliyemalizia. Yeye anauza vitenge fremu ya pili, si msusi, ila anasema kwao Ujiji kila mwanamke anazaliwa anajua kusuka. Mistari imekwenda upogo. Mama wa watu kaondoka hivyo hivyo, msibani huko hakuna atakayemtazama kichwa.

Mwajabu kanishika mkono. Shoga, hilo bega si la leo. Nikasema nililalia vibaya. Akasema: umelalia vibaya tangu mwaka juzi?

Nyumbani nikamkuta Baba Felisiani ameteleza kwenye kiti, shingo imelala upande. Hii ndiyo kazi yangu ya pili tangu kiharusi kimpige. Kumtoa kitandani, kumweka kwenye kiti, kumpeleka chooni, kumrudisha. Mtu aliyekuwa mpasua mbao, mwili wa gogo la mninga. Upande wa kulia umekufa. Maneno yamebaki ya Kirundi cha kwao, ego na oya, ndiyo na hapana. Na jina langu, nalo nusu: Epifa.

Nikampitishia mikono kwapani nikamvuta. Nikapiga ukelele. Sikuweza kuuzuia! Amenitazama muda mrefu. Nimemwambia ni mgongo tu.


Ijumaa, 14 Februari

Hospitali ya hapa Kibondo. Eksirei. Hakuna kilichovunjika. Daktari kijana akasema mama, nyanyua mkono. Ukafika usawa wa bega, basi. Akaunyanyua yeye. Nikaona nyota mchana.

Sindano za bega nilishachomwa, nafuu yake haikai. Amesema zisirudiwe tena. Kuna daktari bingwa wa mifupa anakuja Kasulu wiki ijayo, niende akanione. Amesema neno upasuaji haraka haraka, akaendelea kuandika.

Mjini watu wamevaa nyekundu, siku ya wapendanao. Mwajabu kauza vitenge vyekundu vyote. Mimi nimetoka pale nikaenda kununua pampasi za watu wazima.


Jumatano, 19 Februari

Kasulu. Nimetoka asubuhi na mapema, nimerudi jua linazama. Mwajabu kaacha duka akakaa na mgonjwa wangu. Mungu amlipe.

Daktari ni mtu mzima, mpole, miwani imefungwa kwa plasta. Kanichorea kwenye kipande cha karatasi. Bega lina paa la mfupa, na chini ya paa inapita kamba ya kunyanyulia mkono. Paa langu limeota ncha. Kila nikipandisha mkono, ncha inaikwaruza kamba. Miaka yote hiyo inakwaruza tu. Sasa kamba imeanza kuchanika.

Akaniuliza, mama, unanyanyua nini kizito?

Nikasema, mume wangu.

Nesi akacheka. Na daktari akatabasamu, akadhani natania. Basi nikawaeleza. Nesi akaangalia chini.

Watapasua, wataukwangua mfupa, wataishona kamba. Nikafikiria randa inavyolamba mbao. Halafu akasema lenyewe sasa: baada ya hapo miezi mitatu usinyanyue kitu kizito. Ndoo ya maji, hapana. Mjukuu, hapana. Mzee, hapana kabisa.

Na nikinyanyua?

Kamba ikikatika tena, mama, hata mimi sitakuwa na la kufanya. Mkono utabaki kuning'inia.

Na nisipopasuliwa?

Itakatika tu. Polepole.

Basi. Jioni nikamweleza Baba Felisiani yote. Sikumficha. Miaka yote ya ndoa hatujafichana ugonjwa, ukiacha ule uongo wangu wa mgongo. Nikamwambia miezi mitatu sitaweza kumnyanyua, tutatafuta mtu. Akasema ego. Halafu akajitazama, kifua, tumbo, miguu, taratibu, kama zamani alivyokuwa akilipima gogo kabla ya kutia msumeno.

Nikamwuliza unafikiria nini. Akafumba macho.


Jumapili, 23 Februari

Baada ya misa nimempigia wifi, Ininahazwe, yuko Kumsenga. Dada yake mume wangu, kitinda mimba. Nimemweleza. Nikadhani mtandao umekata.

Akasema: wifi, kama umechoka sema umechoka. Bega tu linakulaza hospitali?

Nikasema sijachoka.

Akasema: sisi huku tunalima kwa mabega hayo hayo.

Nikamwambia njoo mwenyewe unipasue, basi, uone ndani kuna nini! Akacheka, na mimi nikacheka, lakini si kicheko cha kweli. Atakuja. Mpaka Pasaka tu, maharage yake hayana mtu.

Felisiani naye kapiga kutoka machimboni Geita. Mama, nikipata nafasi nakuja. Sauti yake kama ya baba yake ilivyokuwa. Nimemwekea baba yake simu sikioni. Mtoto kaongea, kaongea. Baba katoa machozi bila sauti. Mtoto akadhani simu imekatika.


Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Wifi amefika, kuku kwapani, kikapu cha maharage kichwani. Kaingia moja kwa moja kwa kaka yake, kamshika uso, kalia kwa Kirundi kama yuko matangani. Halafu akavua viatu, akafagia nyumba nzima, hata nilipokuwa nimefagia. Nimeelewa maana yake.

Katekista kaleta majivu nyumbani. Mchana nikampelekea Baba Felisiani ugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha kwetu. Oya. Nikasema wagonjwa hawafungi, hata Baba Paroko kasema. Oya! Kwa mkono wake mzima akaisukuma sahani. Wifi akasema mwache, anafunga kwa ajili ya upasuaji wako.

Nimekwenda jikoni nikalia. Muda mrefu sijalia kwa jambo zuri. Ananifungia! Mtu asiyeweza hata kujipangusa pua.

Mwajabu pia yuko kwenye Ramadhani. Anasema nyumba zetu zote mbili mwaka huu sufuria zitaota kutu.


Jumatatu, 10 Machi

Nimeondoka leo. Asubuhi nimemnyanyua mwenyewe kwa mara ya mwisho kabla ya kupasuliwa. Wifi alitaka amnyanyue yeye, nikakataa. Nikambeba mpaka kwenye kiti, bega linawaka, nikamfunga vifungo vya shati. Akanishika kifundo cha mkono. Hakuachia. Nje bodaboda anapiga honi. Epifa, akasema. Epifa. Nikamwambia narudi, nakwenda Kasulu tu. Wifi ndiye aliyemfungua vidole.

Njiani sikuona kitu.

Wodi ya wanawake. Kitanda cha jirani kuna bibi aliyevunjika nyonga, mtu wa kambi ya wakimbizi Nduta, anaongea Kiswahili cha Kongo na Kifaransa ndani yake. Kaniuliza wamenileta kwa maladi gani, yaani ugonjwa. Bega. Akasema ah, mkono si mguu, utakwenda nyumbani kwa miguu yako. Kweli.


Jumanne, 11 Machi

Sijala, wamekataza. Wamenichora alama begani kwa kalamu wasije wakakosea upande. Nesi kasema ni nusukaputi, nitalala tu, sitasikia.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Kufa siogopi sana. Naogopa kuamka mkono haupo pale ulipokuwa. Nani atamgeuza? Asipogeuzwa ngozi inaoza. Wifi nimemwonyesha, lakini anamgeuza kama gunia.

Wamekuja na kitanda cha magurudumu. Mungu wangu—


Alhamisi, 13 Machi

Mkono wa kushoto huu. Herufi za mtoto wa chekechea.

Imeisha. Niko hai. Mkono umefungwa kifuani. Maumivu — siandiki.


Ijumaa, 14 Machi

Daktari kapita. Kamba ilikuwa imebaki nyuzi nusu. Ningechelewa ingekatika. Amefurahi. Kanirudia maneno yale yale ya kutonyanyua.

Usiku nimelala mpaka asubuhi. Hakuna wa kumgeuza, hakuna aliyeniita. Nimelala vizuri, Mungu nisamehe.


Jumapili, 16 Machi

Nyumbani. Saady, mume wa Mwajabu, kanifuata stendi na gari la rafiki yake. Kaendesha polepole kama kabeba mayai.

Baba Felisiani yuko safi. Shuka safi. Wifi kajitahidi, lazima niseme. Baba Felisiani aliponiona alitaka kuinuka. Bega langu aliliangalia kabla ya uso. Nikakaa kitandani upande wake mzima, akaigusa bandeji kwa kidole kimoja, juu juu.

Nikamwuliza wifi anakula? Wifi kasema anafunga, anakula kidogo jioni. Nikasema mgonjwa asifunge namna hiyo. Kasema mwambie wewe, mimi simwezi.

Nimemwambia. Ametazama ukutani.


Jumatano, 26 Machi

Nyuzi zimetolewa. Kovu ni dogo, huwezi kuamini maumivu yote yale yametoka kwenye mlango mdogo hivyo.

Mazoezi nafanyia hapa Kibondo. Binti mmoja, Firdausi, kasomea tiba ya viungo Dar, anatembea na miwani ya jua kichwani hata ndani. Mama inama, uachie mkono uning'inie, uzungushe kama unakoroga uji. Usikaze! Mdogo mdogo. Nikazungusha. Jasho likanitoka. Safi sana, akasema, wewe ni jembe. Nimefurahi kama mwanafunzi.

Mteja wangu mmoja nimekutana naye pale hospitali. Kasukwa kwa mtu mwingine. Kajifunika kichwa aliponiona.


Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mwajabu kaleta pilau, kuku mzima juu yake. Saady kaja na kanzu mpya akamsaidia wifi kumkalisha Baba Felisiani vizuri. Akamtania: mzee, hata pilau la Mwajabu unalinunia? Mimi nimefunga mwezi mzima nikiliota hili!

Baba Felisiani akatikisa kichwa. Kwa heshima, mkono kifuani, akamshukuru hivyo. Hakugusa.

Mwajabu alinifuata uani. Shoga, Kwaresima yenu imekuwa kali namna gani? Sisi tunafunga mchana, magharibi tunakula. Huyu anakula saa ngapi?

Nikasema ni nadhiri. Nimesema kwa kujivuna kidogo.


Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Nimekwenda kanisani peke yangu, nimerudi na tawi, nimelichomeka juu ya kitanda chake.

Wifi anahesabu muda wa kuondoka kwa sauti, kila siku kwa njia mpya. Leo: maharage yakipasukia shambani yanaokotwa na kuku wa watu. Nitafanyaje akiondoka? Saady kaahidi kupita asubuhi akienda dukani na jioni akirudi. Mchana Baba Felisiani atakaa pale atakapokuwa amewekwa. Mtu anawekwa kama mtungi.


Jumapili, 20 Aprili

Pasaka! Kristo amefufuka, mfungo umeisha. Wifi kachinja kuku. Ndizi na maharage, wali, mawese yenye harufu nzuri. Nimempaka Baba Felisiani mafuta, nimemvalisha shati la bluu. Nimemlisha mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

Kijiko cha kwanza kapokea. Cha pili kakishikilia mdomoni. Cha tatu kafunga meno.

Nikasema mfungo umeisha, Baba Felisiani, leo ni sikukuu. Oya. Nikambembeleza. Nikamchekesha. Oya. Wifi akasema tumbo limesinyaa, litafunguka taratibu.

Shati la bluu kola yake inapwaya. Nilidhani ni kwa sababu wifi alilifua likalegea. Shati halilegei kwa kufuliwa. Naandika hili halafu naliangalia.


Jumatano, 23 Aprili

Wifi ameondoka.

Asubuhi kamnyanyua kaka yake mara ya mwisho, kamweka kitini, kama anaweka kikapu. Hata pumzi haikumbadilika. Akapangusa mikono akaniambia, kwa wema kabisa: unaona wifi, siku hizi mwepesi kama mtoto. Mungu amekuonea huruma, utamweza.

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nikaiweka chini.

Nilimtazama Baba Felisiani. Alikuwa ananiangalia mimi. Macho yanang'aa. Mtu aliyesifiwa.


Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimemfunua. Nimevuta shuka nikamwangalia mwili wote kama sijawahi kumwona. Kila siku nampangusa, nilikuwa naangalia nini? Mapaja yamekwisha. Goti limebaki fundo. Mbavu nazihesabu bila kushika. Hili si tumbo kusinyaa, wala si nadhiri ya Kwaresima.

Nikakaa. Nikamwuliza kwa Kirundi, lugha tunayoongea tukiwa wawili tu. Nikasema: kwa nini huli?

Kajaribu. Mdomo ule unavutwa upande, mate yanatoka, mishipa ya shingo inasimama. Nimesubiri. Siku nyingine humkatisha nikamsaidia neno. Leo sikumsaidia.

Ndare—, akasema. Ndare—. Nikasema unaumwa? Oya. Huna hamu? Oya, oya! Akapiga kitanda kwa mkono. Halafu likatoka lote kwa mara moja, safi, neno refu kuliko yote niliyoyasikia tangu augue:

Ndaremereye.

Mimi mzito.

Nikasema wewe si mzito tena, tazama. Hapo akainua mkono wake mzima, akauleta taratibu mpaka begani kwangu, kwenye kovu. Akaliwekea kiganja. Ndaremereye, akarudia.

Nimetoka nje. Nimesimama karibu na choo mpaka miguu ikachoka.

Kumbe tangu Jumatano ya Majivu. Kumbe tangu ile jioni niliyorudi kutoka Kasulu nikamwambia kila kitu. Mtu kapewa habari, na hana mikono ya kunisaidia, hana miguu, hana ulimi. Akatafuta alichobakiwa nacho anachoweza kufanya. Akakifanya.

Na mimi nikaenda kujisifu kwa Mwajabu.


Jumamosi, 26 Aprili

Nesi kaja nyumbani, Mwajabu kamwita. Kampima. Kasema akiendelea hivi moyo utashindwa, mtu wa kiharusi hana akiba. Tumlaze hospitali wampitishie mpira puani. Baba Felisiani kasikia. Kashika ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima, akaushika mpaka vidole vikawa vyeupe. Nesi akasema hatumlazimishi leo, mama, jaribu wewe kwanza, mpaka Jumatano. Uji wenye karanga. Kidogo kidogo.

Nimejaribu. Uji umemwagika kifuani kwake.

Halafu nimemfokea. Sikujua kama nina sauti ile. Nikamwambia: nani alikutuma? Nilikuomba? Nimeenda kupasuliwa ili nikuweze wewe! Wewe, si mwingine! Nilitaka mkono huu kwa ajili ya nini, kusuka watu wa misiba? Nikamwambia ukifa nitanyanyua nini!

Amelia. Mimi nimelia. Jirani kazima redio.

Nimempigia Felisiani. Nimemweleza yote. Halafu kasema, Baba kafanya hivyo? Kama mtu anayesikia habari ya kujivunia na ya kutisha, hajui aishike upande gani. Kasema anapanda basi Jumatatu. Safari hii nadhani kweli.


Jumatatu, 28 Aprili

Firdausi kanifanyisha kupandisha mkono kwa kutambaza vidole ukutani. Umefika kichwani! Juu ya kichwa! Hauna kisu tena chini ya mfupa. Binti karuka, kapiga makofi, mama umetisha! Wagonjwa wengine nao wakapiga makofi. Kasema miezi michache mbele nitasuka kama zamani. Nikauliza, na kunyanyua? Akavua miwani kichwani. Mama, hapana. Bado kamba changa. Hata ukijisikia una nguvu. Hapo ndipo watu wanapoharibu.

Nimetoka nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Mkono wangu umepona, na kila mtu anapiga makofi.

Jioni Baba Felisiani kala vijiko viwili. Nikadhani tumeanza. Baadaye nimevikuta vimetemwa kwenye mto.


Jumanne, 29 Aprili

Mchana. Mvua kubwa, bati linapiga kelele. Naandika nikiwa chini sakafuni.

Nilikwenda uani kuanua nguo mvua ilipoanza. Niliporudi, kitanda kitupu. Yuko chini, kati ya kitanda na ukuta, kalala chali. Nikapiga kelele, nikapiga magoti. Hajaumia. Kichwa kiko juu ya mto.

Mto. Umekaa sawasawa, chini ya kichwa, katikati. Mtu akianguka mto haumtangulii kujipanga. Kautupa kwanza, kausogeza, halafu akajiviringisha kuufuata.

Nikasema kwa nini? Akaninyooshea mkono.

Saady yuko Kasulu, kafuata mzigo wa duka. Mwajabu yuko sokoni, simu haishiki kwa mvua hii. Felisiani kapiga asubuhi, basi lao limekwama njiani, tope. Sakafu ni baridi, na saruji imeanza kupata maji mlangoni. Siwezi kumwacha hapa.

Basi nikafikiri, wa kushoto. Wa kushoto haujakatazwa na mtu. Nitamwinua kichwa tu, nimwegemeze kitandani. Nikaupitisha mkono wa kushoto chini ya mgongo wake, nikavuta.

Akaja.

Akaja mwili wote! Mkono mmoja! Mgongo, kiuno, miguu ikafuata kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nikamkuta kifuani kwangu kabla sijajiandaa kwa uzito. Mpasua mbao. Mtu niliyekuwa nikimvuta kwa mikono yote miwili na meno yameumana.

Na akacheka. Upande ule unaocheka wa mdomo wake ukacheka, na sauti ikatoka, he, he. Akanigonga mgongoni kwa kiganja. Alitaka nione. Kajitupa chini ili nimnyanyue, nijue kwamba inawezekana sasa, kwamba bega langu halina haja ya kuogopa. Alikuwa na furaha! Sijamwona na furaha hivyo tangu augue.

Nilimshikilia hivyo. Ningeweza kumpandisha kitandani. Nukta moja tu. Bega la kulia lisingejua hata kama kuna kazi imefanyika.

Nimemrudisha chini.

Taratibu, kichwa kwenye mto. Nikamletea blanketi nikamfunika, nikamtandikia mkeka upande wa mvua. Kicheko kimemkauka. Ananiangalia kama sijaelewa. Akaninyooshea mkono tena. Epifa.

Nikamwambia oya. Mara ya kwanza mimi kumwambia yeye neno hilo. Nikasema: nikikunyanyua leo, Nduwayezu, umeshinda. Kesho hutafungua mdomo kabisa. Sikunyanyui ukiwa hivi. Utakula hapa hapa chini, na mimi niko hapa chini. Tutakaa wote. Ukila, nitakupandisha. Usipokula, Felisiani atatukuta tumelala sakafuni sisi wawili, na atafanya anavyojua.

Nimemwita jina lake. Tangu Felisiani azaliwe sijamwita jina lake.

Uji uko kati yetu, wenye karanga. Nimeweka kijiko upande wake, upande wa mkono mzima. Sitamlisha. Nimeshika kalamu ili mikono yangu iwe na kazi, isije ikamnyanyua.

Ametazama bakuli. Ametazama dari. Ametetemeka, ni baridi, nami moyo unaniambia mwinue wewe mwanamke, una roho gani. Nimesogea, nimelala ubavu karibu naye, naandika nikiwa nimeegemea kiwiko. Mvua haina dalili ya kukata.

Ameshika kijiko.

Ameshika tu. Kimelala kiganjani mwake, hakijaingia kwenye bakuli. Analia, au ni mafua, sijui. Nimemwambia, kwa sauti ndogo: nataka uwe mzito. Ulinioa ukiwa mzito.

Amegeuza uso kwangu. Anafungua mdomo. Sijui ni kula au ni kusema oya. Ngoja—